Munkoyo wa Asubuhi wa Mama Sylvain

Ungekutana na Jeanne Chishimba njiani, usingemwonea huruma hata chembe. Mama mnene kiasi, ngozi inang'aa, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa maringo, anatembea polepole kama mtu asiye na haraka na dunia. Ungesema huyu amekula akashiba. Ndivyo mtaa wetu wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, ulivyosema, na mtaa ukikosea hukosea wote kwa pamoja. Jeanne alitembea polepole kwa sababu kila unyayo ulipogusa ardhi maumivu yalipanda hadi mabegani, na kile kitambaa cha maringo alifungwa na mumewe, maana mikono yake ilikuwa haifiki tena nyuma ya kichwa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na majirani hawakuwa na nia ya kukilalia. Wengine walisema ni uvivu. Shemeji zake walisema ni uvivu wenye akili, kwa kuwa hauna kidonda wala uvimbe, basi hauna wa kuupinga. Mwili wote unauma, kuanzia vidole vya miguu hadi taya, na kila kipimo kinarudi kizuri? Mimi ninayesimulia nilikuwa mmoja wa waliotikisa kichwa, na sioni sababu ya kujitoa katika kundi hilo leo.

Zamani alikuwa mshonaji, na si mshonaji wa kubahatisha. Akina mama wa parokia walipotaka vitenge vya sikukuu vishonwe vikae mwilini, walikwenda kwa Mama Sylvain. Cherehani yake ilikaa barazani, na Sylvain, mtoto wake wa pekee, alikulia chini ya meza yake akichezea vipande vya kitambaa. Alipokuwa kijana alikwenda Kambove kuchimba shaba na wenzake, katika yale mashimo ya kuingia kwa kamba. Huko vijana humeza tramadol ili mikono isichoke na woga usiwapande. Humeza kama watu wanaotafuna karanga. Siku moja wenzake walimtoa shimoni akiwa amelala usingizi usioamshika, pumzi zikachelewa, zikachelewa tena, kisha hazikurudi. Mfukoni walimkuta na karatasi ya vidonge, tupu.

Kwenye kilio Jeanne alikaa chini na wanawake wengine, kichwa cha mwanawe karibu na magoti yake, akazungumza naye kama mama anavyozungumza na mtoto wake aliyekufa. Watu wote walimsikia.

"Sylvain, mutoto yangu," alisema, "ile kintu yenye ilikutoa ku mikono yangu haitaingia mu kinywa yangu hata siku moja. Nikiikunywa, ukuye unichukue na miye."

Kwetu neno lililosemwa mbele ya maiti halirudishwi. Unaweza kuvunja ahadi ya ndoa ukaenda kuungama, padri akakusamehe, ukaendelea kupokea komunyo kifua mbele. Lakini ukimwahidi mfu, hayupo wa kukusamehe. Jeanne alilijua hilo, na watu wote wa kilio wakaenda nyumbani wakilijua.

Maumivu yalianza baada ya matanga. Kwanza walidhani ni kule kulala chini juu ya mkeka. Kisha ikawa malaria, ikawa tifoidi, ikawa baridi ya mifupa, kila mganga na jina lake, na kila jina na sindano yake. Cherehani ikafunikwa kitenge. Ulifika wakati Jeanne alilia kwa sababu ya uzito wa shuka. Kila walipompa dawa aliuliza jambo moja tu: si ile ya Kambove? Wakisema ni ile, au ndugu yake, aliirudisha.

Donat Mumba, mumewe, alikuwa mfanyakazi wa reli aliyestaafu, mtu mrefu wa maneno machache, mzaliwa wa Mitwaba. Hakuwahi kumwita mkewe mvivu. Alianza kusonga bukari, ugali wetu, yeye mwenyewe, akaanza kuchambua sombe, majani ya muhogo, na mwisho akafanya lile lililowaacha watu midomo wazi: akaanza kutengeneza munkoyo. Mwanamume mzima, alfajiri, anatwanga mizizi, anaitia kwenye uji wa mahindi uliopoa, anaufunika uchachuke. Kila asubuhi alimletea mkewe kikombe kimoja, na katika hicho alitia mizizi mingine iliyotwangwa laini, michungu, ambayo alisema shangazi yake humtumia kutoka Mitwaba.

Mizizi ile ilisaidia, hilo halina ubishi. Muda si mrefu baada ya kikombe, Jeanne aliweza kukaa wima, kuoga, na kucheka kidogo. Constance, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hakumwacha apumue.

"Mama Sylvain, ile dawa ulitiaka bwana yako mu bukari, unipatie na miye kidogo," alimtania. "Wangu hajuake hata kinu iko namna gani."

"Sikumupatia kintu," Jeanne alijibu. "Yee mwenyewe njo alijirogaka."

Na kweli mtaa ulimwona Donat kuwa amelishwa dawa ya mapenzi. Hata alipokwenda Likasi kufuatilia mambo yake ya pensheni akakawia, Jeanne aliugua vibaya: kutetemeka, mafua, tumbo kukata, mwili mzima kuwaka. Aliporudi na kutwanga mizizi yake, mkewe akapona siku ileile. Constance aliieneza habari hiyo barabara nzima. Alisema hajaona ndoa kama ile, mke anaugua mume akisafiri. Tulicheka wote, na wake zetu wakatutazama kwa jicho la kutupima.

Ndipo akaja Daktari Ngalula, mwanamke kijana aliyekuwa ameanza kupokea wagonjwa wa maumivu ya muda mrefu kwenye kliniki ndogo ya Kampemba. Jeanne alikwenda kwake kwa kuchoka tu, Donat akimshika mkono.

"Mama, unaumwa fasi gani?" daktari aliuliza.

"Docteur, uniulize fasi gani siumwe, njo itakuwa mbio."

Daktari hakucheka. Alimbonyeza kwa kidole gumba shingoni, mabegani, nyongani, magotini, akimwangalia usoni. Aliuliza kuhusu usingizi, kuhusu kusahausahau, kuhusu kuamka amechoka kuliko alivyolala. Kisha akamwambia kwamba ugonjwa huo una jina, unaitwa fibromyalgie, na kwamba si ulozi wala si uvivu. Jeanne akalia palepale kwenye kiti. Alikuwa ameshaanza kuwaamini shemeji zake.

"Papa, ulitumikaka ku reli," daktari alimgeukia Donat. "Ile kengele ya ku barrière, fasi barabara inakata reli, treni ikipita inanyamaza, si ndiyo? Kwa mama, treni ilipita zamani. Kengele ya maumivu iko inalia vile tu."

Donat aliinamisha kichwa kukubali. Kengele alizijua.

Daktari aliwaeleza dawa zilizopo bila kuzipamba. Moja, ya kumeza usiku, Jeanne alikuwa amekwisha kuijaribu, ikamkausha mdomo na kumlaza mchana. Nyingine mpya, ya kuyeyushwa chini ya ulimi wakati wa kulala, Amerika waliikubali juzijuzi tu, lakini Lubumbashi haijafika. Kisha akataja ya tatu, naltrexone.

"Hii iko ya zamani. Banaipatiaka bantu benye banaacha drogue. Sasa banganga banaijaribu kidogo-kidogo, matone tu, juu ya maumivu sawa ya yako. Bamoja inabasaidia, bengine hapana. Siwezi kukudanganya, bado banatafuta. Mais mama, kuko sharti moja. Haifai ikutane na tramadol mu damu, ao codéine, ao morphine. Zikikutana ni vita. Unakunywaka tramadol?"

Jeanne alijinyoosha kama maumivu yalivyomruhusu.

"Docteur, ile kintu njo iliua mutoto yangu. Mu nyumba yangu haiingiake."

"Na dawa ingine?"

"Hapana."

Munkoyo haukumjia hata akilini. Munkoyo ni kinywaji, na mizizi ni mizizi. Nani wa huku kwetu anakwenda mbele ya koti jeupe akaanza kuhesabu mizizi ya shangazi kuwa ni dawa? Pembeni yake Donat alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi, akiizungusha na kuizungusha. Jeanne aliona. Alidhani jina la tramadol limemkumbusha mwana wao, akamwekea mkono juu ya goti kumtuliza.

Waliondoka na kichupa na bomba la kupimia matone. Njiani Jeanne alizungumza kuliko kawaida. Alisema akipata nafuu hata nusu ataifunua cherehani, na nguo ya kwanza atamshonea Donat, shati, kwa kuwa amemtumikia kama mama yake mzazi. Donat alisema shati analo. 

Asubuhi iliyofuata Constance alikuja kushuhudia, maana dawa mpya ni tamasha. Jeanne alikunywa kikombe chake cha munkoyo, kisha akameza matone yaliyopimwa ndani ya kijiko cha maji. Walikaa barazani wakizungumza habari za unga. Jeanne alipiga mwayo. Akapiga mwingine, na mwingine, mfululizo, hadi Constance akamtania kwamba dawa ni ya usingizi. Kisha machozi yakaanza kumtoka bila kilio, pua ikachuruzika, na ngozi ya mikono yake ikasimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Akainama akatapika. Maumivu yote aliyowahi kuyajua yalirudi kwa pamoja, yakaja na mengine asiyoyajua. Miguu ilirusharusha teke yenyewe. Aliona anakufa, na alimwambia Mungu aharakishe.

"Bamemutilia sumu," Constance alisema. "Baba Sylvain, ile docteur amemutilia bibi yako sumu."

Donat alimbeba mkewe hadi barabarani kutafuta teksi, na Constance aliyekimbia nyuma yao na kitenge aliona kwamba mzee yule alikuwa akilia tayari, wakati wengine walikuwa bado wanauliza kuna nini.

Huko kliniki, Daktari Ngalula alimwinua Jeanne kope, akatazama mboni zilizopanuka, akapitisha kiganja juu ya mkono wenye vipele vya baridi. Alimwekea dripu na dawa ya kuzuia kutapika. Akakaa naye hadi alipoweza kusikia anachoambiwa. Uso wa daktari ulikuwa umebadilika, naye alikuwa na hofu.

"Mama, hii matone haina nguvu ya kutoa muntu roho vile. Inafanyaka vile tu kwa muntu mwenye iko na tramadol mu damu, na si ya siku moja. Ya muda murefu."

"Docteur, uniheshimu," Jeanne alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Nilikuambia ile kintu ilinifanyia nini."

"Ninakuheshimu, mama. Mais mwili yako inasema ingine."

"Basi mwili yangu inadanganya. Umuulize bwana yangu. Donat, umuambie."

Donat alivua kofia. Ilianguka na hakuiokota.

"Njo miye," alisema.

Hakuna aliyemwelewa. Constance, aliyefuatana nao na kusimama mlangoni, alidhani mzee amechanganyikiwa. Jeanne alimtazama akingoja sehemu ya pili ya sentensi, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa na maana yoyote.

"Mizizi ya Mitwaba ilishaga zamani," Donat alisema. "Shangazi alikufaka. Na hata ile mizizi haikukusaidia. Weye ulikuwa unalia juu ya shuka, Jeanne. Ulinisemea, Donat, unichimbie shimo uniweke kule kwa mutoto. Nikaenda kwa pharmacie. Nilikuwa natwanga comprimé ya tramadol mu kinu pamoja na mizizi ya munkoyo, ili usijue. Ukakaa. Ukacheka. Njo nikashindwa kuacha."

"Docteur aliuliza," Jeanne alisema. "Ulikuwa pale. Aliuliza na weye ulikuwa pale."

"Nilikuwa pale. Weye ulijibu na nguvu sana, nikaogopa. Niliwaza, matone kidogo vile itafanya nini? Leo asubuhi nilitia nusu tu."

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na tunapolisema tunamfikiria mwizi au ndugu mwenye wivu. Hatumfikirii mtu anayekufunga kitambaa kichwani. Jeanne alilala pale na dripu mkononi. Alikumbuka mlio wa kinu kila alfajiri, jinsi alivyokuwa akiusikia kitandani na kushukuru. Alikumbuka safari ya Likasi, kule kutetemeka kulikochekesha mtaa mzima. Akakumbuka siku za kuwaombea marehemu, kila mwaka, alipokuwa akipiga magoti kufagia kaburi la Sylvain na kumwambia, mwanangu, mama yako amelishika neno. Alikuwa akimwambia hivyo na ile kitu ikitembea ndani yake.

Aligeuza uso ukutani.

"Mutoe huyu muntu hapa," alimwambia Constance.

Daktari Ngalula naye alitoka nje akasimama kwenye ukumbi kwa muda. Baadaye alimwambia Constance kwamba kosa jingine lilikuwa lake: mama yake mwenyewe hutwanga mizizi, na kwa mgonjwa hakuuliza, kwa kuona haya ya kuonekana mshamba. Tangu hapo kila mgonjwa anayeingia kwake huulizwa kwanza anakunywa nini asubuhi, na nani anayemtengenezea.

Jeanne alipotoka kliniki hakurudi kwake, alilala kwa Constance. Upande wa pili wa ukuta kinu kilikuwa kimya, na mtaa haukuwa na utani wowote wa kutoa. Wenye hasira walisema Donat apelekwe polisi. Wengine, waume hasa, walisema afadhali aliyekosea akitwanga kuliko sisi tulioacha wake zetu wajitwangie. 

Jambo baya zaidi lilikuwa halijasemwa bado. Daktari alikuja mwenyewe kulisema. Tramadol haiachwi kwa siku moja. Mwili uliokwisha kuizoea ukinyang'anywa ghafla unaweza kuanguka kifafa, na yale ya juzi yangerudi. Ilibidi Jeanne aimeze, kila siku, kwa kipimo, kikipunguzwa hadi kiishe. Damu ikishakuwa safi kwa majuma kadhaa, ndipo wangeweza kujaribu tena yale matone, na hata hapo hakuna aliyeweza kumwahidi kwamba yatamfaa.

"Afadhali nikufe," Jeanne alisema.

"Mama, ile comprimé yenye tutaikata kidogo-kidogo njo mulango ya kutokea. Hakuna mulango ingine."

Jeanne alikaa na neno hilo kutwa nzima, mwili ukianza kumtetemeka. Kesho yake asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, alivuka akaingia uani kwake. Donat alikuwa amekaa kwenye ngazi, hajanyoa. Jeanne alimwomba Constance amtandikie mkeka chini, akashuka juu yake kwa shida, miguu imenyooshwa mbele, kama wanawake wanavyokaa kwenye kilio. Constance alitaka kuondoka, akaambiwa abaki asikie.

"Sylvain," Jeanne alisema, akitazama mbele yake. "Ile neno nilikuambiaka, ilivunjika zamani. Si miye niliivunja. Leo njo ninaivunja na mukono yangu. Ukikuya, ukuye kwa amani."

Kisha akamgeukia mumewe.

"Ulete."

Donat alileta nusu ya kidonge juu ya sahani, iliyokatwa kwa wembe, na kikombe cha maji matupu. Alipiga magoti kumpa. Jeanne hakunyoosha mkono.

"Miaka yote ulinipatia bila kuniuliza," alisema. "Maiti njo haulizwake sanda. Miye niko muzima. Uniulize."

Mzee huyu aliyesimamisha treni kwa bendera aliinua sahani kwa mikono miwili.

"Mama Sylvain," alisema. "Hii iko tramadol. Utakunywa?"

Jeanne aliichukua sahani akaiweka mapajani.

"Nitakunywa," alisema. "Na weye siyakusamehe bado. Ujue."

"Ninajua."

Jeanne alichukua nusu ile akaiweka ulimini, akachelewa kufuatisha maji. Constance, aliyekuwa akimtazama usoni, alimwona akishtuka, macho yakimtoka, mkono ukienda mdomoni kana kwamba ameungua. Alimshika bega akamuuliza ni nini tena.

Uchungu wa kile kidonge ulikuwa umeyeyuka ukaenea kinywani mwote, na Jeanne alikuwa akiujua vizuri sana. Ulikuwa ni ule wa kila asubuhi, ule aliouita mizizi ya Mitwaba, ule ambao siku nyingine aliulambia midomo akatamani kikombe kijae zaidi.

"Maji," alisema, na Donat akamshikia kikombe.